Bandi

Mwaka huu wamekuja watatu.
Nimewapima mimi, bega hadi bega,
futi shingoni, pini mdomoni,
na mwenye pini mdomoni hasemi.
Wanaosema wako ukutani.

Kila saa kumi, Kadutu, upande wenye jua,
Zihalirwa mwalimu wa hesabu na karanga zake:
kijana akifunga, karanga inahamia mkono wa kuume,
akikosa, mwalimu anaitafuna.
Leo ameshiba.

Birindwa anasema, yule mrefu, Akonkwa,
Mungu alimchora kwa rula akasahau kumwambia.
Mtazame anavyoruka,
kama mtu anayebisha hodi kwa mdeni wake.
Soko zima halina kiatu chake, namba arobaini na nane;
amevaa vya marehemu mjomba, visigino vinacheka.

"Mpeni miaka miwili," anasema Nabintu
bila kuinua macho kwenye sambaza zake.

"Miwili! Mushagalusha si tulimpa miwili?
Wa tatu akatupungia mkono yuko kwenye boti ya Goma,
jezi yetu mwilini!"

Hapo ndipo nilipotoa pini nikauliza:
namba zao nizishone, au nizipige bandi?
Hakuna aliyenijibu.
Kila mwaka nashona kwa nailoni, mara mbili,
na kila mwaka nafumua saba
ya mtu tuliyemwita mfalme mwezi wa tatu,
na mwezi wa tisa hatukumwita kabisa.
Kitambaa hakisahau. Kiinue juani:
chini ya kumi na mbili
matundu ya sindano bado yanaandika saba.

Cishugi, huyo ana mkono mtamu.
Mazoezini mitupo kumi, tisa ndani.
Mama yake akija kutazama, miwili.
"Basi mama abaki nyumbani," Birindwa anasema,
na Nabintu, ambaye ana wana wanne, hakucheka.

Wa tatu hawakumjadili.
Murhula, anafika kwapani mwa Akonkwa.
"Huyo wa kubeba maji," wakarudi kwenye viatu vya marehemu.

Kisha mpira ukagonga chuma, ukaruka ukuta.
Bukavu mpira ukitoroka haungoji mtu,
unateremka ngazi za udongo, unapita chini ya nguo za watu,
unavuka mfereji, unaamsha mbwa,
mpaka ziwa lenyewe liseme, basi.
Kochi hajapuliza filimbi, Murhula ameshavuka.

Tukakaa. Zihalirwa akatazama saa.
Ngazi ni mia mbili na sita, alisema,
zilikuwa zaidi kabla ya mvua ya Aprili.
Cishugi akafunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa.

Akarudi na mpira unaodondosha maji,
tope magotini,
na mdomo umefumbwa.
Umefumbwa! Sisi tukipanda kilima hicho
tunafika na roho mkononi.
Akaudundisha mara moja, akausikiliza
kama una pumzi bado,
kisha kwa kidevu tu akamwonyesha Akonkwa mahali pa kusimama.
Akonkwa akasimama pale.
Mpira ukamfuata pale.
Safari hii hakubisha hodi.

Karanga moja ikahamia mkono wa kuume.

"Mara moja si ushahidi," alisema Birindwa
lakini alikuwa amesimama, na hakujua amesimama.
Nabintu akafunga sambaza tano kwenye gazeti,
akampelekea yule mfupi, akadai pesa yake kama kawaida.

Usiku umeme umeenda. Nashona kwa tochi ya simu,
simu imeegemea kopo la vifungo.
Kumi na mbili ya Akonkwa: bandi.
Cishugi: bandi, nyuzi ndefu ndefu, anisamehe.
Kwa nne ya Murhula nimetoa nailoni,
nimezunguka mara moja.

Mara ya pili, tuulizane mwezi wa tatu.